Madaftari Kwenye Mizani

Sakafu ni kitu chenye hila. Mtoto aliyezoea udongo wa nje, wenye mawe na mashimo, hukimbia akiangalia chini. Mpandishe barazani, penye saruji iliyosuguliwa ikang'aa, naye atatimua mbio huku akicheka, akidhani dunia nzima imenyooka kama hiyo saruji. Hakuna jiwe la kumkwaza wala shimo la kumtega. Kinachomsubiri ni ukingo peke yake, na ukingo haupigi kelele. Ndiyo maana wazee walisema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika mtaa wa Mbotela, kando ya Barabara ya Jogoo, maneno hayo yalibisha hodi nyumbani kwa Norah mwaka wa 1996, yakaingia, yakaketi, na hadi leo hayajaaga.

Norah alikuwa mke wa Nahashon, na mlango wake haukujua kufungwa. Alikaanga maandazi barazani, na nyumba yake ilijaa watu tangu asubuhi: wa kununua, wa kuonja, na wa kupitisha tu maneno. Habari ya mtaa ilihesabiwa kuwa mbichi mpaka ipite kwake ikaangwe. Akikuuliza "Hujambo?" ungejikuta umemweleza hata ugomvi wa shemeji yako, na kabla hujafika kwako ungekuta habari yako imekutangulia. Hata hivyo hapakuwa na msiba wala harusi mtaani iliyokosa sufuria zake. Watu walimpenda, na alijua kwamba walimpenda.

Katika nyumba hiyo iliyojaa watu, roho yake ilikuwa imekaa kwa mtu mmoja: Lorraine, binti yake wa pekee. Nahashon alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha nyaya huko Industrial Area. Kiwanda hicho kilikuwa na desturi ya kumchukua kila mwaka mtoto mmoja wa mfanyakazi akafunzwe ufundi kwa miaka mitatu, kisha aajiriwe. Masharti yalikuwa mawili. Mtoto awe amepata C+ ya fizikia katika mtihani wa kitaifa, na mzazi awe bado kazini. Watoto walipofuzu wengi, yule ambaye mzazi wake alitumikia miaka mingi zaidi ndiye aliyetangulia, na hakuna aliyemshinda Nahashon kwa miaka. Lakini Nahashon angestaafu Juni 1996, na Lorraine angefanya mtihani mwishoni mwa 1995. Nafasi ilikuwa moja, na mwaka wa kuipata ulikuwa mmoja. Lorraine mwenyewe aliitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji. Alipokuwa na miaka saba aliifungua redio ya baba yake kutafuta mahali mtangazaji alipoketi.

Mwalimu wake wa fizikia aliitwa Kimanzi. Alikuwa Mkamba mrefu, mpole, mwana wa mchonga vinyago. Baba yake, alipokuwa akimfunza kazi, alimpa mti mwororo miaka miwili kabla ya kumruhusu kuugusa mpingo. "Mkono ukiujua mti mlaini," mzee alikuwa akisema, "mpingo utakuheshimu." Kimanzi alikuja kufundisha vivyo hivyo. Alikuwa amegundua kwamba wanafunzi hawashindwi na fizikia. Hushindwa na hesabu iliyojificha ndani yake. Basi alikataa kuandika kanuni yoyote ubaoni kabla mikono ya wanafunzi haijaizoea hesabu ya kanuni hiyo.

Muhula wa kwanza wa Kidato cha Tatu, mwaka wa 1994, aliwachorea mizani yenye mawe. Ukitoa jiwe upande huu, lazima utoe upande wa pili, la sivyo mizani italala. Walipozoea, aliyaondoa mawe akaweka herufi. Kisha akatoboa mkebe, akaujaza maji, akawaambia wapime kina cha maji kila dakika na kuchora grafu. "Tembea hatua moja kulia," alikuwa akisema, "unashuka ngapi? Huo ndio mteremko. Mshikeni vizuri, maana tutakutana naye kwenye umeme, kwenye mwendo, kila mahali." Lorraine alirudi nyumbani akipanga vijiwe juu ya vifuniko vya sufuria, akicheka peke yake.

Shida ilianzia mferejini.

Jirani wa Norah, mlango kwa mlango, alikuwa Ndindi, ambaye wote walimwita Mama Kamene. Mumewe, Munyoki, aliendesha lori la kiwanda kile kile cha nyaya. Binti yao Kamene alikuwa kidato kimoja na Lorraine, ila katika shule nyingine ya kutwa ng'ambo ya barabara. Kina mama hao wawili walikuwa marafiki wa kukopeshana chumvi na wapinzani wa kuoneshana pazia jipya. Jumamosi moja, wakisubiri maji, Ndindi alileta madaftari ya bintiye.

"Hebu tazameni," akasema, akiyapeperusha mbele ya foleni. "Matatu, na muhula haujaisha. Wamemaliza joto, wamemaliza mawimbi, sasa wako kwa umeme. Mama Lorraine, wako wamefika wapi?"

Norah alimtuma Lorraine alete lake. Lilikuwa moja. Ndani mlikuwa na mizani, mawe, na mistari ya grafu iliyochorwa kwa penseli na kufutwa na kuchorwa tena.

"Ni fizikia hii, ama anajifunza kuuza sukumawiki?" Ndindi aliuliza, na foleni nzima ikaangua kicheko. "Mizani anayo, bado mboga tu!"

"Na hii mistari?" mwingine akadakia. "Si ni mabati? Mtoto atakuwa fundi wa paa!"

Norah alicheka pamoja nao, maana hakuwa mtu wa kununa mbele ya watu, lakini lile daftari alilifunga haraka. Mzaha ule ukageuka desturi. Kila Jumamosi madaftari yaliletwa, yakalinganishwa, na kina mama ambao wengine hawakuwahi kukanyaga shule ya upili wakawa mahakimu. Siku moja mtu akasema wasitumie macho, watumie mizani halisi. Wakaenda kwa duka la Maingi, wakaweka madaftari matatu ya Kamene upande mmoja wa mizani ya sukari, na daftari la Lorraine upande wa pili. Upande wa Kamene ulilala kwa kishindo.

"Mathee, wacha hiyo," Lorraine alimnong'oneza mama yake, uso ukimwaka. "Wino hauna uzito."

"Nyamaza. Aibu ndiyo yenye uzito."

Nyumbani, Norah alimweleza mumewe kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyechora zile mizani. "Baba Lorraine, mwaka mmoja na nusu tu! Kamene yuko kwa umeme. Wetu anapanga mawe."

Nahashon alikuwa mtu wa maneno machache, tena alikuwa amechoka. "Mimi umeme nilijifunza kwa kupigwa shoti," akasema. "Vitabu sijui. Lakini mtoto hulala akitabasamu. Mwache."

"Mama, usiende shuleni," Lorraine naye akasihi. "Mwaka jana nilikuwa nakariri tu. Sasa ndio naelewa."

Norah alikwenda. Na kwa vile alikuwa Norah, hakwenda peke yake. Wiki nzima alipita mlango kwa mlango, andazi mkononi, akiuliza kila mzazi, "Wako amefika wapi?" Siku ya mkutano wa wazazi ukumbi ulifurika. Alipoitwa kusema, alifungua kikapu, akatoa madaftari aliyoyaazima kwa Ndindi, akayarundika juu ya meza ya mwalimu mkuu. Kando yake akaweka lile moja la Lorraine.

"Tumepima," akasema, akawageukia wazazi. "Si maneno ya mdomo. Tumepima kwa mizani ya duka!"

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Kimanzi alisimama taratibu. Akalichukua daftari moja la Kamene, akalifungua, akasoma ukurasa, akalirudisha kwa heshima kama mtu anayerudisha kitu cha mgonjwa.

"Mama Lorraine, umepima karatasi," akasema. "Binti mwenye madaftari haya, umemuuliza swali hata moja?"

"Swali atauliza mtihani!" Norah akajibu papo hapo, na ukumbi ukashangilia hadi madirisha yakatetemeka.

"Nipeni muda," Kimanzi akaendelea, sauti yake ikimezwa na kelele. "Silabasi nitaimaliza mwezi wa nane mwakani. Nitaimaliza, nao watakuwa wanajua walichokimaliza."

"Mwezi wa nane!" Norah akapaza sauti. "Wenzetu watakuwa wanarudia mara ya pili! Mwalimu, hii ni shule, si karakana ya vinyago."

Neno hilo la vinyago lilimchoma. Norah aliona jinsi lilivyomchoma, akafurahi. Kimanzi aliketi.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kuogopa kelele. Haukupita mwezi, ukafanyika mpango wa kubadilishana. Kimanzi apelekwe shule ya Kamene, na mwalimu wa Kamene, yule mwenye madaftari matatu kwa muhula, aletwe kwao. Norah alipokea habari hiyo kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Ndindi alipita mbele ya baraza bila kusalimu, kisha akarudi.

"Umeninyang'anya mwalimu, Mama Lorraine."

"Mwalimu si mume, Mama Kamene. Anayejua kuita ndiye huitikiwa."

Mwalimu mpya aliitwa Gachanja. Alikuwa kijana mtanashati, shati jeupe, ulimi mwepesi. Aliingia darasani akisema "Andika!" na kutoka akisema "Tutaendelea hapo!" Alitaka kila mwanafunzi aanze daftari jipya, kwa kuwa yale ya zamani, alisema, ni ya watoto wa chekechea. Norah hakungoja kuambiwa mara mbili. Daftari la mizani na grafu alilichana karatasi moja moja, akafungia maandazi. Kwa siku tatu Mbotela nzima ilikula maandazi ya grafu. Lorraine aliporudi na kuliulizia, alikuta jalada tu. Alilishika kwa muda, akaliweka chini, akaenda kuandika.

Aliandika, naye alikuwa na bidii. Daftari la kwanza likajaa, la pili, la tatu. Mwanzoni alimuuliza Gachanja maswali. "Hii herufi imetoka wapi, Mwalimu?" Naye akajibu, "Imetoka kwenye mtihani. Andika." Akaacha kuuliza. Akajifunza kukariri, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa chepesi, alikariri kuliko wote. Kule mferejini mambo yakageuka. Upande wa Lorraine ukawa ndio unaolala kwenye mizani ya Maingi, madaftari manne kwa moja.

"Mama Kamene, wenu wamefika wapi?" Norah aliuliza kwa sauti ya asali.

"Tumerudi kwenye mawe," Ndindi akajibu, macho yakiwa ndani ya ndoo. Hakuleta tena daftari. Norah alidhani ni aibu, akaila ile aibu kama halua.

Aprili 1995, miezi sita kabla ya mtihani, Gachanja alitangaza kuwa silabasi imekwisha. Norah akasema jambo kama hilo haliwezi kupita kavu. Akapika wali, chapati na kuku wawili, akaazima viti hadi kanisani. Watu walikaa sebuleni, kitandani, mlangoni na juu ya matangi ya maji. Gachanja aliketi pahali pa mgeni wa heshima, chini ya kalenda, chupa mbili za soda mbele yake. Alipokula akashiba, alimsimamisha Lorraine.

"Kanuni ya Ohm."

Lorraine akaitoa neno kwa neno.

"Kanuni za mwendo, zote tatu."

Zikatiririka kama maji ya mfereji siku ambayo baraza la jiji limeamua kuwa na huruma. Watu walipiga vigelegele. Norah alifuta machozi kwa ncha ya leso.

Hapo Nahashon, aliyekuwa amesimama pembeni na sahani mkononi, akaweka sahani chini na kuinua pasi iliyokuwa juu ya kabati. "Mama," alimwambia bintiye, kwa kuwa ndivyo alivyomwita, kwa heshima ya mama yake mzazi, "hii pasi imeandikwa wati elfu moja. Umeme wetu ni volti mia mbili na arobaini. Inavuta ampea ngapi? Nataka kujua fyuzi ya kuweka kwenye plagi."

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama fundi anayemkabidhi mwingine bisibisi.

"Nguvu ni sawa na mkondo mara volti," Lorraine akasema haraka.

"Eeh. Kwa hivyo ni ngapi?"

Lorraine aliitazama pasi. Midomo ilicheza. "Nguvu ni sawa na mkondo mara volti," akarudia, polepole, kama mtu anayegonga mlango aliokuwa na ufunguo wake zamani.

Gachanja akacheka. "Mzee, hiyo sasa ni hesabu. Aulizwe mwalimu wa hesabu. Sisi hapa tunasoma fizikia!"

Watu wakacheka kwa kufarijika, na Norah akamkata mumewe jicho. "Baba Lorraine, hii ni sherehe. Weka pasi. Leta soda." Nahashon aliirudisha pasi kabatini. Alijua kuwa jibu ni nne na kitu, na kwamba fyuzi ni ya tano. Alijua kwa vidole vyake. Usiku ule hakumaliza chakula.

Mtihani wa majaribio ulifanywa Julai. Lorraine alipata D katika fizikia. Gachanja alieleza kuwa mitihani ya majaribio hutungwa makusudi kuwatisha watoto. Muhula wa tatu ulipofunguliwa alionekana darasani kwa nadra, na alipofuatwa alisema, "Silabasi tumemaliza. Mnataka nini tena? Durusuni." Mwishoni mwa Septemba hakuonekana kabisa. Alikuwa amepata kazi katika shule ya bweni ya matajiri, nje ya mji. Wazazi walisikia hayo kutoka kwa Norah mwenyewe, na mara hiyo alisimulia bila kutia chumvi.

Jumamosi moja alimkuta Lorraine amelaza kichwa juu ya karatasi ya mtihani wa miaka iliyopita. Kando yake palikuwa na madaftari sita, manene, yamejaa toka jalada hadi jalada.

"Si umeandika yote, mwanangu? Tafuta humo ndani."

"Nimetafuta, Mama. Majibu hayamo. Humu mna maneno tu."

Norah alijifunga leso, akamshika binti yake mkono, wakavuka barabara.

Walimkuta Mwalimu Kimanzi katika darasa la shule ya Kamene, amezungukwa na wanafunzi kama kumi waliojitolea kuja siku ya mapumziko. Kamene alikuwa miongoni mwao, chaki mkononi. Hapakuwa na mzaha wala kukariri. Palikuwa na kubishana. "Hapana, gawanya kwanza!" "Mbona ugawanye? Hamisha hii huku!" Norah alisimama mlangoni. Yeye aliyeweza kuingia nyumba yoyote bila kubisha hodi, siku hiyo alibisha.

Kimanzi alitoka nje. Hakumkumbusha neno lolote, na huko kutokumkumbusha kulimwelemea Norah kuliko matusi. Aliokota kijiti, akampa Lorraine aandike chini, kwenye vumbi.

"Volti ni sawa na mkondo mara ukinzani. Nataka ukinzani ubaki peke yake. Fanya."

Lorraine aliandika herufi tatu za kanuni hiyo vumbini. Akazitazama. Akaitaja kanuni ya Ohm yote, na masharti yake kuhusu joto, bila kukosea hata neno.

"Sikuuliza hivyo, binti yangu."

"Najua, Mwalimu." Machozi yakadondoka juu ya herufi. "Nilijua hii. Nilikuwa naijua. Ile ya mizani."

"Haya," Kimanzi akasema kwa upole, kama mtu aliyepata pa kushika. "Lile daftari la mizani, si unalo? Kila hatua mliyoifanya imo, kwa mwandiko wako mwenyewe. Tutaanzia ukurasa mlioachia. Liko wapi?"

Lorraine hakumtazama mama yake. Ndiyo huruma pekee aliyoweza kumpa siku hiyo.

"Lilichanika," akasema.

Kimanzi aliwatazama wote wawili, akaelewa kuwa kuna jambo, akaliacha. "Mama Lorraine, ungeniletea mwaka mmoja ningekupa fundi. Umeniletea wiki tano. Aje kila Jumamosi. Sitakataa, lakini pia sitakudanganya."

Lorraine alikwenda Jumamosi zote tano. Mkono ulianza kukumbuka. Katika Jumamosi ya nne alihamisha herufi bila kuelekezwa, akacheka kile kicheko chake cha vifuniko vya sufuria. Uchungu wenyewe ndio huo. Alianza kuelewa tena katika mwezi ambao hapakuwa na muda wa kuelewa.

Siku ya mtihani alipewa betri, nyaya na mita. Apime mkondo na volti, achore grafu, atafute mteremko, kisha ajibu maswali matano mengine kwa kutumia jibu hilo. Alipima. Alichora. Alipofika kwenye mteremko aliukumbuka mkebe uliotobolewa, maji yakishuka dakika kwa dakika. Akahesabu pole pole, akafuta, akahesabu tena, akapata. Alikuwa na hakika kuwa amepata. Alipoinua kichwa, msimamizi alikuwa anakusanya karatasi.

Matokeo yalitoka mapema mwaka wa 1996. Lorraine alikuwa na D+ ya fizikia. Kamene alikuwa na B. Kiwandani, orodha ilibandikwa karibu na lango, na jina la Lorraine halikuwamo. Nafasi ya mwaka huo ilikwenda kwa binti wa Munyoki, dereva wa lori. Nahashon alisoma orodha ile akiwa amevua kofia, akampa Munyoki mkono, akarudi kwenye mashine yake. Ilikuwa imebaki miezi mitatu astaafu. Kurudia mtihani kungekuwa sawa na kununua tikiti ya gari lililokwisha ondoka.

Siku hiyo mlango wa Norah ulifungwa kwa mara ya kwanza. Watu walipita, wakautazama, wakaendelea. Jioni Ndindi alibisha hodi. Norah alijikaza. Alikuwa amejiandaa kwa vigelegele, kwa kijembe, kwa "Wenu wamefika wapi?" Angekuwa yeye, asingeacha.

Ndindi hakukaa. "Kamene ametuma hili," akasema, akitoa daftari chini ya khanga. "Anasema huenda Lorraine akalihitaji. Mimi mwaka ule nililia uliponichukulia mwalimu, Mama Lorraine. Mungu anajua nililia. Sikujua kuwa ulikuwa ukinifanyia hisani." Akamshika bega. "Pole, dada yangu." Akaondoka.

Norah alibaki na daftari mkononi. Kwa mazoea, kabla hajalifungua, alilipima kwa kiganja. Lilikuwa jepesi. Akalifungua. Mlikuwa na mizani, mawe, kisha herufi. Mistari ya grafu iliyofutwa na kuchorwa tena. Halafu umeme, mwendo, mawimbi, kila kimoja kikikalia mgongo wa kilichotangulia. Kilichomshangaza kilikuwa mwisho wake. Theluthi nzima ya kurasa zilikuwa nyeupe. Daftari lililoshinda halikuwa limejaa.

Asubuhi yake alifungua mlango, akatoka barazani na daftari lile mkononi. Lorraine alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, yeye Norah, mbele ya karai la mafuta, mikono imejaa unga. Wateja walikuwa wamepanga foleni. Kando yake palikuwa na rundo la madaftari sita ya Gachanja. Alichana ukurasa, akaukunja kwa ustadi, akatia maandazi mawili, akampa mteja. Akachana mwingine. Maandazi yalitoka na kanuni zake. Hili na Ohm, lile na kanuni ya pili ya mwendo, na mafuta yakasambaa juu ya maneno mpaka hayakusomeka.

"Mwanangu," Norah akaita. "Kamene amekuletea..."

Lorraine alilitazama lile daftari, akageuza uso pembeni. Akayagusa yale sita, akayapima kwa jicho.

"Haya yanatosha, Mama," akasema. "Yatatufungia maandazi mwaka mzima."

Akachana ukurasa mwingine. Norah alisimama pale kwenye ukingo wa baraza lake mwenyewe, lenye saruji aliyoisugua kwa mikono yake miaka ishirini, akamtazama binti yake akihudumia foleni. Amini usiamini, mbio za sakafuni huishia ukingoni.